Aliyekataa Kutoa Mirunda

Watu wakisikia mradi mkubwa hufikiria mitambo. Mimi Bonifasi, niliyetunza stoo kwenye ujenzi wa tangi la maji kwa miaka miwili, nakwambia mradi mkubwa ni kusubiriana. Mabomba yanasubiri bandarini, bandari inasubiri karatasi, karatasi inasubiri mtu aliye safarini. Masika ya Uluguru ndiyo pekee yasiyomsubiri mtu.

Bi Mwanvita alikuwa fundi wa mbao za zege. Yeye ndiye aliyetengeneza kalibu za mbao za kumwagia zege na kusimamisha mirunda, zile nguzo za miti zinazobeba zege bichi mpaka likomae. Alizaliwa Kinole, akafundishwa mbao na mjomba wake mpasua magogo, kisha akateremka mjini kubeba mchanga kichwani kwenye saiti za Msamvu. Siku aliyoomba nyundo wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipomkuta alikuwa na miaka hamsini na minne, na wanaume kumi na wawili chini yake, hakuna anayecheka. Ukimpelekea mbao iliyopinda alikurudishia bila hata salamu.

Tangi lenyewe lilichimbiwa ubavuni mwa mlima, paa lake likawa sawa na ardhi. Mvua zilituchelewesha kumwaga paa mara tatu, maana magari ya saruji yalikuwa yakikwama kwenye tope la kona ya pili. Hatimaye tukalimwaga tarehe nne Aprili, ndipo ikaja taarifa: Mwenge wa Uhuru utapita tarehe kumi na nane, tangi lizinduliwe.

Meneja wa mradi alikuwa Injinia Godlisten, kijana wa miaka thelathini na saba. Si mtu mbaya. Simu yake haikupoa: mkoa unamtaka, mshauri anamtaka, wafadhili wanauliza kwa nini tuko nyuma miezi minane, kana kwamba mvua aliiagiza yeye. Tarehe kumi na tano asubuhi alitukusanya.

"Shikamoo, Bi Mwanvita. Leo tunatoa mirunda."

"Marahaba. Hatutoi."

Mwingine angeizungusha ile "hatutoi" kwa maneno laini. Yeye hakuwa na muda huo.

"Mama, tangi lazima lijazwe maji. Na halaiki ya watoto itacheza juu ya paa. Huku mlimani uwanja mwingine tambarare hakuna, umeona mwenyewe."

"Ndiyo maana hatutoi. Zege lina siku kumi na moja. Kwa baridi hii na mvua hii, bado bichi. Michoro yako imeandika siku ishirini na nane, sikuiandika mimi."

"Litabeba. Nimepiga hesabu."

Bi Mwanvita akachukua kiti cha plastiki cha Injinia, akamsukumia.

"Basi shuka na kiti chako. Kaa katikati ya tangi, chini ya hilo paa. Mimi nitagonga nguzo moja baada ya nyingine, wewe ukiwa umekaa. Ukitoka salama, watoto na wacheze."

Injinia alicheka kidogo, halafu akaacha. Akanigeukia mimi. "Boni, lete nyundo."

Nililifahamu paa lile. Niliona lilivyomwagwa mvuani, nusu yake tu chini ya maturubai. Lakini nina mke na kodi ya nyumba Kihonda, nikaenda stoo nikaleta nyundo sita, nikazipanga chini mbele yao. Nasema wazi kwamba niliona aibu. Wale kumi na wawili walizitazama nyundo, wakamtazama Bi Mwanvita, wala hakuna aliyeinama kuokota.

"Umefukuzwa kazi," Injinia akamwambia.

"Sawa. Niandikie barua. Uandike sababu: amekataa kutoa mirunda siku ya kumi na moja. Tarehe uweke, na sahihi yako. Nikiipata naondoka sasa hivi."

Alikaa kwenye mlango wa kushukia tangini, akakunja kanga yake magotini, akasubiri. Injinia aliingia ofisini. Alikaa humo mpaka saa sita mchana. Barua ile haikuandikika. Yeyote ambaye angeisoma angejua nani wa kuulizwa paa likianguka. Alipotoka alipiga simu mkoani, akasema tangi haliko tayari. Mwenge ukapelekwa kwenye mradi mwingine, njia ya Dumila, naye akaambiwa maneno ambayo sitayarudia.

Wiki iliyofuata Bi Mwanvita aliondolewa, eti wafanyakazi wanapunguzwa. Alipunguzwa yeye peke yake.

Mirunda ilitolewa zilipotimia siku ishirini na nane. Paa likabaki limetulia, bila hata ufa. Hapo ndipo maneno yalipoanza: kumbe lilikuwa zima, mama yule alituponza bure. Nilikasirika. Mtu akizuia msiba, msiba hauonekani, basi wanamwita mkorofi!

Siku ya uzinduzi watoto walicheza juu ya lile paa, kama mia moja hivi. Bi Mwanvita alikuja bila kualikwa. Akapita kati ya viti vya wageni na viatu vyake vya tope, akasimama katikati ya paa, akalikanyaga kwa kisigino mara mbili.

Mgeni mmoja akauliza, "Huyu mama ni nani?"

Injinia aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika kreti ya soda. Nikaiweka chini.

"Ni fundi wa hili paa," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Alikataa kutoa mirunda siku ya kumi na moja. Akafukuzwa. Watoto hawa wanacheza juu ya ubishi wake."

Jumatatu jina langu halikuwepo kwenye orodha ya getini. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanvita, nikamkuta uani akipiga randa mlango wa mtu. Nilimweleza yote, nikitegemea pongezi.

"Umesema vizuri," alijibu, bila kuinua uso. "Lakini siku ile ya nyundo, Bonifasi, nilikuwa peke yangu."

Akanisogezea upande wa pili wa mlango, nikaushika.