Alama ya Tatu

Shemeji yangu alikileta ndani ya kiroba: kipande cha chuma kilichovimba kwa kutu na udongo mwekundu. Watu walioanza kuchimba upya karibu na duara, shimo la dhahabu lililomfukia mume wangu, huko upande wa Masumbwe, walikuwa wamekikuta chini kabisa.

"Kisafishe," alisema. "Kama ni chake, wazee wamekubali tukizike, tumalize msiba."

Ulikuwa mwaka wa tano. Mwili haukupatikana, na kwa ukoo wetu, bila kitu cha kuweka kaburini matanga hayaanuliwi. Mama mkwe hakuwa anatoka tena kitandani. Kila asubuhi aliniuliza kama mwanawe amerudi.

Jirani alichungulia kwenye kiroba, akacheka. "Mayu, hiyo si nondo tu? Mpe wa chuma chakavu upate hata chumvi."

Nilikilowesha kwenye kopo la rangi lenye maji ya ukwaju. Siku ya tatu, asubuhi, nikakaa uani na gunzi na mchanga, nikaanza kusugua. Kutu ilitoka magamba magamba. Ncha ikatokea kwanza, butu. Kisha upande wa kugongwa, umetanuka kama uyoga. Haikuwa nondo. Ilikuwa moko, ile tindo ya kupasulia mwamba.

Moko za duara moja hukaa kiroba kimoja, kwa hiyo kila mchimbaji hukata alama zake kwa tupa. Mume wangu alikuwa na tatu. Alitaka mbili, akakuta tayari yupo mwenye mbili, mtu wa Kahama aliyekuwa akishuka naye. "Kaniwahi tu yule," aliniambia akicheka. Walifukiwa pamoja.

Nilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Alama moja. Ya pili. Nikalowesha tena, nikasugua pale palipobaki, nikageuza upande wa pili, nikarudi. Hapakuwa na ya tatu.

Ndani mama mkwe alikohoa, akamwita mwanawe kwa jina.

Tupa ya kunolea majembe ilikuwa imechomekwa juu ya mlango. Niliichukua. Niliipitisha mara nne au tano, ikatosha.

Shemeji alipokuja aliipapasa ile moko kwa kidole gumba. "Hii ya tatu inang'aa."

"Nimeisugua sana."

Alinitazama, kisha akaizungushia kitambaa cheupe.

Tulizika Jumamosi. Mama mkwe alibebwa kwenye kiti mpaka kaburini, akatupa udongo, na siku ile alilala mchana kutwa bila kuuliza kitu. Mimi sikulia. Watu walisema nimejikaza.

Kahama si mbali. Yupo mwanamke huko anayesubiri aletewe chuma chenye alama mbili, na mimi simjui hata jina. Ningemjua, bado sidhani kama ningekwenda.