Siku Niliyowaachia Ndege Mpunga

Mpunga unaokaribia kuiva una harufu yake, tamu kidogo kama maziwa yaliyopashwa moto, ikichanganyika na tope la bonde la Kilombero. Mpaka leo nikiisikia hukaza meno. Msimu ule nilikuwa darasa la tatu. Wazazi wangu walishafariki, nami nikiishi Ifakara kwa shangazi, dada yake baba. Kama familia nyingi za huku, tulihamia shambani, mbali ng'ambo ya mto, tukae huko mpaka mavuno. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege: kukaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, nikipiga debe na kelele tangu alfajiri ili kwelea wasishuke.

Nilizaliwa na virusi vya UKIMWI, na mapema nilijua kwamba dawa hazirukwi. Dawa haziui virusi. Huvilaza tu, na ukiziacha huamka, na vikikaa macho hujifunza kuzishinda. Muuguzi wa kliniki alinieleza hivyo nikaelewa. Shangazi naye alieleweshwa, tumekaa benchi moja. Kwa hiyo tarehe yangu ilipofika na kopo likawa tupu, nilimkumbusha.

"Shangazi, leo kliniki."

"Ndege nao wana kliniki? Panda juu huko!"

Kesho yake nikasema tena. Akamgeukia jirani yake wa shamba, akacheka. "Kanajidai na vidonge vyake. Kwani kataishi milele?"

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakumwona mnyonge aliyeachiwa dungu. Asubuhi iliyofuata nilipanda, nikaliweka debe miguuni, nikanyamaza. Kwelea walikuja kama moshi. Walitua katika mpunga wa shangazi, masuke yakainama kwa uzito wao, nami nikawatazama wakila, kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena. Ukimya wangu ulipomfikia jikoni, alitoka mbio, upawa mkononi.

"We mtoto! Umekufa huko juu?"

"Bado, shangazi. Nasubiri dawa."

Kesho yake tulivuka mto kwenda Ifakara. Muuguzi alinipima uzito, akanitoa damu ya kupima wingi wa virusi, akaniuliza kilichonichelewesha, nikamweleza habari ya ndege, kisha akamgeukia shangazi mbele ya foleni nzima. "Mama, shamba lote lile lina sauti moja tu?" Shangazi akatazama kandambili zake. Sikumwonea huruma.

Siku hizi watoto wanaoendelea vizuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, msimu wa shamba usiwakatize. Nikikutana na walezi wao kliniki huwaeleza taratibu, narudia, nawatia moyo, maana wengi hawajui tu. Shangazi alijua. Tangu msimu ule sikuacha dawa tena, na mwaka jana nilijifungua mtoto. Amepimwa, hana virusi. Nilimpeleka kwa shangazi amwone. Alikuwa ameketi mkekani, amezeeka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mjukuu wangu nimpakate."

"Amelala, shangazi," nikamjibu.

Mwanangu alikuwa macho, ananichekea.