Tundu la Mwisho

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tulimwita Bi Baadaye, na jina hilo alijipa mwenyewe. Chai ikija anasema, "Nyie kwanza, mimi baadaye." Sabuni zikigawiwa, mimi baadaye. Hata likizo, pale ambapo watu wenye akili zao hukanyagana, yeye anasimama pembeni na vidole vimenyauka kwa maji ya dawa, anasema wengine waandikwe kwanza.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Nimekamua naye mashuka miaka mingi, yeye ameshika ncha ile mimi nimeshika hii, na mtu uliyekamua naye shuka humjui kwa juu juu. Alisema "mimi baadaye" ili abembelezwe. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu: ukikaribishwa kiti unakataa kwanza, unaambiwa "hapana bwana, kaa," ndipo unakaa, na kiti chenyewe kinakuwa kitamu zaidi. Sisi tuliujua mchezo wake. Tulimfokea, "Acha maringo, chukua kikombe hicho kabla hatujakumwagia!" Hapo utamwona uso unavyofunguka. Anachukua kikombe cha kwanza, anakaa juu ya furushi la mashuka machafu, anakunywa kwa madaha kama bibi harusi.

Nyumbani kwake hakuna aliyeujua mchezo huo. Au waliujua, wakaona una faida kuuacha ulivyo.

Nyumbani kwake maana yake ni kwa mdogo wake wa kiume. Wazazi walifariki yeye akiwa msichana wa shule na mdogo wake bado anabebwa mgongoni. Akaacha shule, akaja kufua. Yule mtoto alikuwa analala mchana kwenye kikapu cha mashuka yaliyokauka, na mimi mwenyewe nimembadilisha nepi, ndiyo maana sina sababu ya kumwogopa. Akasoma, akamaliza, akapata kazi ya kukalia kiti kinachozunguka, akaoa, akajenga nyumba yenye ukuta na lango la chuma. Dada mtu akapewa chumba cha uani, karibu na banda la mbwa. Sebuleni imetundikwa picha kubwa ya siku mdogo mtu alipohitimu masomo. Dada yumo kwenye picha hiyo: kinaonekana kiwiko. Mpiga picha aliwaambia wasogeleane, naye akasema wapigwe wengine kwanza.

Alipostaafu, presha ikampanda. Siku moja alianguka uani akianika nguo, akalala juani mpaka msichana wa kazi alipomwona. Daktari akasema asiachwe peke yake muda mrefu, hasa usiku, kwa sababu akianguka tena na akachelewa kuonekana, hatanyanyuka. Basi yule msichana akawa kila jioni anapita kumgongea mlango. "Shangazi, umelala?" Naye anajibu, "Bado nipo, urithi wako subiri kidogo." Wanacheka, kila mtu anakwenda kulala. Hicho ndicho alichokitaka na hakutaka kingine, mlango wake ugongwe jioni.

Ndipo wezi wakang'oa vioo vya gari la mdogo wake, na nyumba nzima ikaingiwa na wazimu wa kamera.

Habari za dukani alinisimulia mwenyewe, huku anacheka na kuvuta uzi kwenye pindo la gauni lake. Walikuwa wanatoka kliniki, yeye, mdogo wake na mke wa mdogo wake, wakasimamisha gari kwenye duka la vifaa vya umeme. Kamera zilishanunuliwa, saba. Sita zilikuwa za kulinda mali. Ya saba ilikuwa ya chumba chake, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameamua. "Dada, nitakuwa nakuona kwenye simu popote nilipo. Si bora kuliko kugongewa mlango?" Ilibaki kuchagua swichi ya kuziunganisha, ile ambayo mafundi wanaiita PoE, kisanduku ambacho waya wake mmoja unapeleka umeme kwenye kamera na kurudisha picha.

Muuzaji, ambaye ndiye pia fundi wa kufunga, aliweka visanduku viwili mezani.

"Hiki kikubwa kina wati mia na ishirini. Kamera zako saba zinakula na kusaza. Hiki kidogo kina wati sitini. Mchana kinatosha, bosi, sikudanganyi. Lakini jioni kamera zikiwasha taa za kuonea gizani, kila moja inakula karibu mara mbili. Hapo kitazidiwa."

"Kikizidiwa kinaungua?"

"Hakiungui. Kinakata kamera moja. Kinaanza na tundu la mwisho. Kamera iliyochomekwa hapo inazimika mpaka kupambazuke, taa za wenzake zizimwe, ndiyo inaamka."

Mke akaomba kile kikubwa kiwashwe. Akakitegea sikio.

"Kinanguruma."

"Ni feni, mama. Kinajipoza."

"Kitakaa sebuleni, chini ya picha. Wageni wakija wadhani tumeweka friji ukutani?"

Kidogo kilikuwa hakina feni. Kilikuwa cheupe, kimya, kizuri kama kisanduku cha mkufu. Na msinitafutie umaskini hapo, bei hazikupishana kiasi cha mtu kama yule kukuna kichwa. Ni sauti ya feni tu. Dada mtu alipimwa na feni, feni ikashinda.

"Mkichukua kidogo," muuzaji akasema, "niambieni kabisa ipi niichomeke tundu la mwisho."

Mdogo mtu akaanza kuhesabu kwa vidole. Lango, haiwezekani. Gari, ndilo lililowaleta. Mlango wa mbele, hapana. Ukuta wa nyuma ndiko wezi walikopandia. Tangi la maji, pampu yake ni mpya. Likabaki banda la mbwa, na mkewe akaruka. "Yule mbwa ana mimba, tena ni mbwa wa mbegu! Akijifungua usiku tusimwone?"

Bi Baadaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na mfuko wake wa dawa mapajani. Akasema, "Ya kwangu iwekeni huko mwisho. Mimi baadaye."

"Halafu nikamwangalia mdogo wangu," aliniambia. "Nikangoja."

"Ukangoja nini?" nilimwuliza, ingawa nilijua.

"Nikangoja tu."

Mdogo wake alimpigapiga begani, tena kwa upendo, akamgeukia muuzaji. "Unaona? Dada yangu hana makuu. Tufungie hicho kidogo."

Hapo alicheka tena, uzi ukakatika mkononi mwake. Mimi sikucheka. Nilitamani ningekuwepo dukani siku ile nimpigie kelele zetu za zamani, acha maringo, chukua hicho kikombe.

Kamera ikafungwa juu ya kabati lake. Jioni ya kwanza tu, giza lilipoingia, kile kitaa chake chekundu kikazimika. Na jioni hiyohiyo mlango haukugongwa, kwa sababu mke wa mdogo wake alikuwa amemwambia msichana wa kazi asijisumbue tena, sasa kuna kamera.

Nilikwenda kumtembelea, jioni ikanikuta chumbani kwake, nikakiona kitaa kinazimika kwa macho yangu mawili.

"Na hii je?"

"Hiyo inalala mapema kuliko mimi."

Nikamjia juu. "Umemwambia mdogo wako?"

"Nimemwambia. Anasema anajua, ni umeme. Mbwa akishajifungua watabadilishana matundu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

"Basi mwambie yule msichana arudi kukugongea mlango. Kugonga hakuli umeme."

"Shoga, nimesema kwa mdomo wangu niwekwe mwisho. Nikigeuka leo niwe nadai, nitaonekana mtu wa namna gani?"

Nilitaka kumzaba kibao. Nikampitia mdogo wake sebuleni. Alinipokea vizuri, kwa adabu zote, mama karibu, mama kaa hapa. Akanionyesha simu yake: visanduku sita vya picha vinang'aa, kimoja cheusi. "Hiki cheusi ni cha Dada," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha ufunguo wa stoo. Nikamwambia, mwanangu, huyu daktari wake alisema hasa usiku, na usiku ndio humwoni. Rudisha kule kugongewa mlango. Akasema ataongea na mama watoto. Hakuongea naye, au aliongea naye wakakubaliana kunyamaza.

Mbwa akajifungua usiku wa mvua. Nyumba nzima ilikuwa kitandani na simu mkononi, inahesabu watoto wa mbwa mmoja mmoja, na kushangilia yule mwenye doa jeupe. Kisanduku cha banda kilikuwa kinang'aa. Cha jirani yake kilikuwa cheusi, kama kawaida, na hakuna anayeshtushwa na jambo la kawaida. Kulipokucha wakatoka na maziwa. Wakapita mbele ya mlango wa Dada wakienda bandani, wakapita wakirudi, wakapita tena na kamera ya kupigia picha. Waliona leo amechelewa kuamka, wakanong'ona wasimsumbue. Watu wastaarabu wale!

Ilipokaribia mchana, mke akataka matandiko ya watoto wa mbwa. Akakumbuka kwamba wifi yake anayo mashuka ya zamani ya hospitali, mapana, yamelainika kwa kufuliwa. Akamtuma msichana akamwombe mawili. Hapo ndipo mlango wa Bi Baadaye ulipogongwa.

Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Msichana aliponisimulia alishindwa kumaliza, alisema tu kwamba bado alikuwa na joto.

Siku niliyokwenda kutoa pole nilimkuta yule muuzaji langoni na ngazi yake begani. Alikuwa ametoka kuing'oa kamera ya chumba cha uani. Alipojua kwamba nilikuwa mtu wa karibu na marehemu, akanivuta pembeni ya ukuta.

"Mama, ile kamera iliamka kulipopambazuka, kama nilivyowaambia dukani. Imerekodi asubuhi nzima. Alikuwa anajikokota kwenda mlangoni. Sauti hakuwa nayo. Alikuwa anagonga sakafu kwa mkono."

"Asubuhi nzima?"

"Karibu yote. Na picha ilikuwa inaonekana kwenye simu zao. Angalau mmoja angeangalia kile kisanduku cha pembeni."

"Iko wapi hiyo picha?"

"Bosi ameniambia nifute. Nimefuta." Akahamisha ngazi bega la pili. "Mimi nimeajiriwa tu kufunga, mama."

Niliingia ndani. Mdogo mtu alikuwa analia. Sitamsingizia, alilia machozi ya kweli, mpaka kola ikalowa. Aliwaambia watu kwamba amelelewa na mwanamke asiye na makuu, aliyelala usingizi na kuondoka kimyakimya bila kumsumbua mtu yeyote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda akishakupiga teke hakusifii. Huyu alikuwa anamsifia maiti.

Jioni ikaingia tukiwa bado tumekaa. Kule nje kamera zikawasha taa zake. Mwenzake mmoja wa kazini, ili kumpoza, akamwuliza kile kisanduku cheupe chini ya picha ni kitu gani. Mdogo mtu akapangusa macho. Akatoa simu, na sauti yake ikachangamka kidogo.

"Ni swichi ya kamera. Dukani walitaka kunibebesha dude kubwa lenye feni, eti hii haitafika popote. Tazama mwenyewe. Giza limeingia, taa zote zimewaka, na hakuna hata kamera moja iliyozimika. Imetosha kabisa."

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote, bila kumung'unya maneno, "Imetosha kwa sababu mmepunguza mtu."

Watu wakainamisha macho. Mkewe akashika mtandio wake. Yeye mwenyewe alinitazama, kisha akaitazama simu, akavihesabu vile visanduku kwa kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu aliyekumbushwa jambo.

"Ni kweli, mama," akasema. "Sita inazimudu."