Vitenge vya Tarehe Kumi na Nne

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nyuma tu ya Kahambu, Padri Séverin alipotangaza kwamba yubile ya parokia yetu haitafanyika tena tarehe kumi na nne Septemba. Imesogezwa hadi Novemba. "Ni kwa ajili ya mama yetu Kahambu," akasema kwa upole, "ambaye mzigo wake ungali baharini. Tumwonee huruma, tusimsukume." Kanisa zima likapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Ndipo nikaona mabega ya Kahambu yameganda. Leso yake ilikuwa imeanguka sakafuni na hakuinama kuiokota. Nikadhani anaumwa, nikamgusa. Akageuka polepole, macho yamemtoka, akaninong'oneza:

"Mama Wivine, bikwembe biko mu depot yangu. Tangu Jeudi."

Mungu wangu! Vitenge vya yubile viko ghalani kwake tangu Alhamisi! Nilimtazama nikidhani ananitania, lakini yule mwanamke hatanii hata sokoni, sembuse kwenye misa.

Nikueleze huyu Kahambu ni nani. Alitoka Butembo miaka kumi na moja iliyopita, akaja hapa mtaani kwetu Bel-Air kuuza sahani na sufuria kwa jumla. Sisi wengine tu wana wa reli. Baba zetu walitoka Kongolo na Manono wakaja kufanya kazi kwa Wabelgiji, na kitu tulichorithi kwao ni kusema. Tunasema kwenye foleni ya maji, tunasema msibani, tunasema hata tusichokijua. Watu wa Kahambu wanafanya biashara, basi wananyamaza. Hakukosa msiba wetu hata mmoja, na kila mara alileta unga na kukesha na wenye kilio. Lakini ulipofika wakati wa kukaa ndani na kuzungumza mambo ya familia, hakuna aliyemwita. Kwa wengi aliendelea kuwa "mama wa Butembo" tu.

Kwa hiyo kamati yetu ya yubile ilipompa kazi ya kuagiza vitenge vya yubile, alikuja kwangu akalia machozi. "Sasa na mimi niko muntu wa hapa," alisema. Vilikuwa vichapishwe China, vyenye picha ya kanisa letu, maneno ya miaka hamsini, na tarehe ya sikukuu. Alitaka tarehe iwe kubwa, isomeke toka mbali. Tulikubali kwa shangwe.

Tangu hapo hakusema tena chochote. Hiyo ndiyo desturi yake. Ukimuuliza mzigo uko wapi, jibu ni moja, iko mu njia. Anaogopa wezi wa barabarani, anaogopa wale wanaosimamisha malori wakinyoosha mkono, anaogopa wenzake wa sokoni watakaoshusha bei kabla bidhaa zake hazijafika. Nadhani hata mumewe hujua lori limefika akisikia honi getini.

Kumbe mwezi wa saba, wakati sisi tunafanya mazoezi ya nyimbo, yeye alikuwa hapati usingizi. Hayo alinisimulia baadaye. Wakala wa meli alimpigia simu: kontena limeshushwa katikati ya safari, linangoja meli nyingine. Likienda Dar es Salaam kama ilivyopangwa, huko meli zimejipanga nje ya bandari na hakuna anayejua zitangoja hadi lini. Au lipakiwe kwenye meli inayokwenda Beira, kisha lori lipite Zimbabwe na Zambia. Ajibu kesho asubuhi. Njia ya Dar aliijua kama jiko lake. Ya Beira hakuwahi kuipita, na mambo yakiharibika huko hana hata mtu wa kumgombeza.

Nilimuuliza alichaguaje. "Ku Dar, muntu hata moya hajue bateau itangoya siku ngapi," akanijibu. "Ku Beira, bananiambia barabara iko mubaya, lakini malori inatembea. Mubaya yenye najua, naweza kuipanga. Yenye haijulikane, nitaipanga namna gani?"

Akachagua Beira, peke yake, bila kumuuliza mtu. Na alipatia, jamani! Meli ilifika, lori likapita Harare, likapita Lusaka, likasota kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa kama malori yote, na Alhamisi likaingia kwake. Wanawake wangebaki na muda wa kutosha wa kushona. Akili ile, ningekuwa nayo mimi, leo ningekuwa na jengo mjini.

Sasa turudi Jumamosi, siku moja kabla ya misa ile. Kamati ilikuwa imefika ukingoni. Mafundi cherehani wanahitaji majuma mawili, na askofu alitaka jibu siku hiyo hiyo kama aje au asije. Papa Godefroid, rais wa kamati, akanituma nikamuulize Kahambu. "Lakini usimwambie kama tunataka kugeuza tarehe," akaniagiza. "Usimutie presha."

Nikaenda. Nilimkuta uani anachambua maharage. "Mama Kahambu," nikasema, "bikwembe bimefika wapi? Comité inapenda kujua."

Hakuinua hata kichwa. "Iko mu njia, mama. Tuombe Mungu."

Mlango wa depo ulikuwa nyuma ya mgongo wake, una kufuli mbili. Nikamshukuru, nikarudi kwa Godefroid, na jioni ile Godefroid akampigia askofu kuomba Novemba.

Baada ya misa Kahambu alimkimbilia Godefroid pale kwenye ngazi za kanisa, akamwambia kwa sauti, mbele ya kila mtu, kwamba vitenge vimefika. Mzee wa watu alikaa chini kwenye ngazi na suti yake ya Jumapili. Kisha akatoa simu, akampigia tena askofu. Tukamsikia akiomba na kubembeleza. Tarehe kumi na nne ilikuwa imeshapewa parokia moja ya Kipushi, na wale wameshaanza kualika wageni. Haiwezekani kuwanyang'anya.

Tulikwenda wote kwenye depo. Nilitamani vitenge viwe vibaya ili nisisikitike. Kahambu akakata kamba ya robota la kwanza, akakunjua kimoja, na wanawake wakashusha pumzi. Rangi ya buluu safi, kanisa letu na mnara wake, hata ule mti wa mlangoni ulikuwepo. Na kila mahali, juu, chini, pembeni, tarehe kumi na nne Septemba, kubwa, inasomeka toka mbali. Godefroid aliigusa kwa kidole, akasogea kwenye nyingine, akaigusa na hiyo. Hakuna aliyecheka.

"Nilipenda mutoke ku misa, nifungue mulango, muone," Kahambu akasema.

Hasira zilinipanda, sifichi. "Samedi nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Na huu mulango ulikuwa nyuma yako."

"Nilikujibu kama vile najibiaka bantu bote."

"Bantu bote," nikasema. "Alors, siye njo bantu bote?"

Nilimaanisha, sisi nasi ni wa kufichwa kama watu wa sokoni? Nimemwona Kahambu akimzika mama yake kwa simu, akiwa huku na maiti iko Butembo, na hata siku ile uso wake haukuwa hivi. Alikishika kile kitenge kifuani kwa mikono miwili. Wanawake walikuwa wanamtazama, na mimi nilishaanza kujuta, lakini neno lilikuwa limetoka.

Kisha akasema, akitazama sakafu:

"Kuko kontena ingine."

Akaendelea:

"Iko na masahani na masufuria, ya kuuzisha Noeli. Ilitoka Beira. Leo iko Lusaka, mu parking. Chauffeur anaitwa Mapalo. Mercredi atakuwa ku Kasumbalesa, na Jeudi atapakua hapa."

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyopigwa kanisani. Mzigo ungali barabarani, na yeye ametaja mji, ametaja dereva, ametaja Jumatano na Alhamisi, mbele ya wanawake ambao nusu yao wana dada au shemeji sokoni.

Papa Godefroid aliacha vitenge, akaenda kufunga mlango, maneno hayo yabaki humu ndani, kwetu na Kahambu.