Injini Niliyoilea Mpaka Ikashika Kutu

Nimetengeneza injini za ndege ndogo kwa miaka ishirini na sita, na nimefundisha mafundi kumi na mmoja. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kukosa elimu. Nilikifanya kwa kujiamini, jambo ambalo ni baya zaidi.

Daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akiwafuata wagonjwa wake wa mbali kwa kindege cha viti viwili, alipigwa teke na ng'ombe, mguu ukavunjika sehemu mbili. Alikuja bandani kwa magongo, akalipapasa bawa la ndege yake, akaniambia, "Kaka, nakuachia mwanangu. Nikirudi nimkute mzima."

Neno "mwanangu" likanipanda kichwani. Kila Ijumaa asubuhi nikawa naisukuma ndege nje, naiwasha injini, naiacha ingurume dakika kumi, naizima, nairudisha ndani. Siku nyingine nikipita naizungusha propela kwa mkono, mara mbili tatu, ili viungo visikakamae. Niliongea nayo pia. Siku moja mke wangu alipiga simu akanisikia nikisema, "Pole mama, leo una baridi," akataka kujua mama huyo ni nani. Nilimweleza. Sidhani kama ameniamini hadi leo.

Ikapita miezi saba. Daktari akaachana na magongo. Kabla hajaruka, ndege ilibidi ikaguliwe, na mkaguzi aliyekuja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti tuliyemwita Darubini kwa sababu hakuna ufa uliowahi kumkwepa. Nilimpokea kwa mbwembwe.

"Utapoteza muda wako bure," nikamwambia. "Humo ndani ni kama kioo."

Alifungua plagi moja, akapenyeza kamera yake nyembamba kama mrija ndani ya silinda. Akafungua ya pili. Akakata chujio la oili, akakuta chembe za chuma zinang'aa. Mwishowe tukaifungua injini yenyewe, na kemshafti, ule mhimili unaosukuma vali, ulikuwa na vishimo vya kutu utadhani umeugua ndui.

Nililaumu mafuta. Nililaumu mvua. Nililaumu paa la banda, ambalo halijawahi kuvuja.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ulikuwa unaiwasha kwa muda gani?"

"Dakika kumi! Kila Ijumaa, bila kukosa hata moja!" Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

Akaenda kwenye gari lake, akarudi na daftari kuukuu. Mwandiko ulikuwa wake, maneno yalikuwa yangu. Akasoma: petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, oili isipopata joto la kutosha, mvuke hautoki, hugeuka matone humo humo ndani na kula chuma, kwa hiyo injini ipelekwe angani saa nzima, la sivyo ihifadhiwe vizuri na isiguswe. Pembeni alikuwa ameandika, "Mwalimu amesisitiza sana. Amegonga meza."

Yaani nilikuwa nimeinywesha maji injini ile mara thelathini, na kila nilipozungusha propela nilikuwa naipangusa ile oili kidogo iliyobaki kuikinga.

Daktari nilimwambia mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, nikayaacha yote, nikasema tu, "Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa kuiwasha kila Ijumaa."

"Kwa hiyo ungekuwa mvivu ingekuwa na nafuu?"

"Ndiyo, daktari."

Akacheka mpaka akashika bawa. Halafu akaacha ghafla, akauliza angesubiri wiki ngapi. Nikasema tano. Aliitikia kwa kichwa tu, na hapo ndipo nilipoumia.

Nilifunga kemshafti mpya kwa mikono yangu, siku zangu za mapumziko, Darubini akikagua kila nati. Daktari aliruka saa nzima, akatua salama, kesho yake akarudi kwa ng'ombe wake.

Mwezi uliopita rubani mwingine aliondoka kwa mwaka mzima, akaniachia ndege yake. Safari hii injini tumeitia oili ya kuhifadhia, tumeziba ekzosi, na mahali pa plagi tumefunga vizibo vyenye chengachenga za buluu zinazofyonza unyevu na kugeuka waridi zikishiba. Darubini ametundika kadi nyekundu kwenye propela: "USIZUNGUSHE." Chini yake ameongeza, "Mwalimu, hata wewe."

Ameshanifuma mara moja. Nilimwambia nilikuwa nafuta vumbi.