Jirani na Majani Yake Makavu

Jirani yangu wa chumba cha mwisho haachi jani kavu limpite. Huliokota, hulifikicha kiganjani asikie linavyolia, kisha hulitia kwenye tenga. Kucha zake ni nyeusi kama za fundi gereji, na matandazo hayo ya majani huyatandika kuzunguka mchicha wake taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Mwenye nyumba, ambaye bustani yake hufagiliwa hadi inang'aa huku spinachi zikinyauka, jana alimjia na reki.

"Mama, takataka hizi naziondoa leo!"

Nikafungua mdomo nimpe hotuba ya haki za wapangaji. Jirani akanikanyaga mguu, akaushika mkono wa mwenye nyumba na kuuzamisha chini ya majani. Wiki tatu hakujanyesha, lakini mkono ulitoka na udongo mweusi wenye unyevu, na nyungunyungu mnono akijinyonganyonga.

Reki ikashuka. "Majani yote haya unayatoa wapi?"

"Kwako, baba. Kila Jumamosi unayafagia uyachome. Ukiingia ndani kutafuta kiberiti, mimi nishafika na tenga."

Mwenye nyumba akakohoa, akatazama huku na huku.

"Basi nirudishie nusu," akasema, safari hii kwa sauti ya kuomba.