Seli za Bi Mastura

Jalila Abdulaziz wa Mtongwe, Likoni, kila akiulizwa kazi yake alijibu kwamba yuko maabara, na kila akijibu hivyo jirani humnyooshea kidole amtoboe, apime malaria. Alichoka kueleza. Yeye hakupima watu. Miaka sita alikuwa katika maabara ndogo ya utafiti huko Changamwe, akikuza ndani ya visahani seli za neva, zile zinazoamrisha misuli, ili yeye na wenzake wajue kwa nini kwa baadhi ya watu neva hizo hufa moja moja mpaka mtu akawa hawezi kuinua kijiko. Ilikuwa kazi ya subira kubwa na mshahara mdogo, naye aliipenda.

Mganga hajigangi. Ugonjwa wenyewe ukapiga hodi kwao.

Ulimwanza mamake, Bi Mastura, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri tangu Jalila hajazaliwa. Unga ukamshinda. Watu wakasema ni baridi yabisi, akachuliwa mafuta ya nazi na karafuu mpaka nyumba nzima ikanukia. Jalila alipouona mkono ule umesinyaa pale kati ya kidole gumba na cha shahada, alijua. Aliingia chooni akafungulia maji, akalia.

Daktari alipoomba kipande cha ngozi cha utafiti, kadiri ya punje ya dengu, Bi Mastura alikubali, ulimi ukiwa mzito tayari.

"Basi nami nimeajiriwa," alimwambia bintiye. "Lakini ngozi yangu uiamshe mapema, mwanangu. Mimi sikuzoea kulala asubuhi."

Mara mbili ngozi ile ilikataa kukua. Mara ya tatu, na hicho ndicho kipande cha mwisho, ikashika, na baada ya miezi ya kugeuzwa kwa dawa zikapatikana seli za neva. Kisahani kilikuwa na namba tu, bila jina, lakini Jalila alikijua. Kila siku ya pili alizilisha kwa maji yenye virutubisho, akatazama kwa hadubini nyuzi zake zikitafutana. Akirudi nyumbani humkuta mwenye ngozi hawezi kumeza hata uji. Kule alilisha zikala, huku alilisha akapangusa kidevu. Hilo lilimuumiza kuliko yote. Zilibaki wiki mbili seli zikomae vya kutosha kugandishwa na kuhifadhiwa.

Bi Mastura alifariki alfajiri ya Alhamisi, akazikwa baada ya adhuhuri. Matanga yakawa siku tatu kama ilivyo ada, wanawake ndani, wanaume nje chini ya turubali. Mashangazi waliichukua simu ya Jalila wakaizima, mfiwa asisumbuliwe. Katika kilio kile alisahau jambo moja: chakula cha seli kilikuwa ndani ya friza yenye kufuli, na ufunguo ulikuwa mkobani mwake.

Ijumaa alikuja Gershom, mwenzake wa maabara, mtu wa bara, mpole. Aliketi na wanaume, akala wali wa matanga, akaona haya kumwita mfiwa atoke. Alimnong'oneza Mbwana, kakake Jalila, kwamba ukipatikana ufunguo wa friza atashukuru. Hakusema ni wa nini. Mbwana alikuwa amemwona dadake kalia hata sauti imemkauka, na ufunguo wa kazini ni kitu gani siku kama ile? Akanyamaza kwa huruma. Gershom naye akangoja Jumamosi kutwa, kwa adabu. Jumapili akavunja kufuli akazilisha, kumbe amechelewa.

Adabu ni mali, sikatai. Lakini wallahi, kuna siku mtu heri akose adabu.

Jumatatu Jalila alifika kabla ya mfagiaji. Gershom alikuwa mlangoni, macho chini. Jalila alimpita, akakitia kisahani chini ya hadubini. Nyuzi zilikuwa zimekatikakatika, na seli zimejiviringa, zinaelea. Alhamisi alilia na watu mia, kila mmoja na pole yake. Jumatatu hapakuwa na turubali, wala hakujua ampigie nani kumwambia kwamba amefiwa na mama mara mbili katika wiki moja.

Jioni alimkuta Mbwana uani akihesabu viti vya kukodi virudishwe. Kuona mkoba wake, kaka mtu akakumbuka.

"Dada, yule mwenzako aliulizia ufunguo siku ile. Nikaona nisikusumbue. Lilikuwa jambo la maana?"

Jalila alimtazama kakake, ambaye siku ya mazishi alishuka kaburini akampokea mama yao kwa mikono yake mwenyewe.

"La, kaka," alisema. "Ni mambo ya kazi tu."